Barafu Tunayo Mlimani, Ligi Hatuna

Tangu Septemba 2024 Kenya ilipopokelewa kuwa mwanachama wa IIHF, shirikisho la dunia la hoki ya barafuni, kila baada ya muda kuna mtu anaturushia kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Arusha klipu ya vijana wa Nairobi wanateleza na magongo mkononi, na mjadala unaanza upya kama vile haujawahi kuwepo. Mmoja atasema Wakenya wametuacha mbali, mwingine atauliza hivi sisi wenye Kilimanjaro tunashindwaje mchezo wa barafu wakati wenzetu wanacheza ndani ya hoteli, wa tatu anamalizia kwamba serikali ijenge rinki, yaani uwanja wa barafu, basi. Mimi naona wote watatu wanaangalia kitu ambacho sicho. Kule mchezo huu ulikokomaa, Kanada na Marekani, ukiwaweka pembeni mastaa wa kwenye tivii, wanaoubeba ni watu wazima wa kawaida na vitambi vyao, mafundi bomba, wahasibu, walimu, wanaolipa pesa ya mfukoni kucheza saa nne au saa tano usiku mbele ya viti vitupu, na kilichowafikisha hapo ni ratiba, ada inayolipwa kabla ya msimu, na mtu mmoja king'ang'anizi wa kuandika. Hicho hatuna, na hatuna hata kwenye mpira wa miguu ambao uwanja wake ni vumbi tu na haudai umeme.

Tuanze na Nairobi maana ndiyo inayotuchanganya. Rinki ya hoteli ya Panari, pale Mombasa Road, ilifunguliwa 2005, na ni ndogo, rinki ya kimataifa ina urefu wa mita 60 na upana unaokaribia 30, pale hufiki. Wageni kutoka Kanada na Marekani waliokuwa wanafanya kazi Nairobi ndio walianza kupigia hoki pale, Wakenya wakaingia mmoja mmoja, ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawapandisha ndege hadi Kanada wakavaa jezi moja na mastaa wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, tangazo likazunguka dunia nzima na sisi tukalishea kwa fahari ya jirani. Lakini watu hawakusikiliza vizuri kwa nini walisafirishwa. Walisafirishwa kwa sababu hawakuwa na wa kucheza naye! Timu moja nchi nzima, wakitaka mechi wanagawana wenyewe kwa wenyewe, kama watoto wa mtaa mmoja. Kutoka rinki kufunguliwa hadi uanachama wa IIHF ni miaka 19, kwa hiyo anayesema rinki ikijengwa mchezo utakuja, mfano anaoushika unampinga mwenyewe. Nikiri pia upande wa pili, bila kile kibarafu cha hotelini hata hiyo timu moja isingekuwepo, uwanja una kazi yake. Ila uwanja unakupa mahali pa kuteleza tu, mpinzani wa Jumapili ijayo hakupi.

Na ukirudi nyuma kabisa unakuta hoki yenyewe ilianza kama mambo ya watu kujifurahisha. Mechi ya kwanza ya ndani inayotambulika ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875, rinki ya Victoria, tisa kwa tisa, aliyeipanga anaitwa James Creighton, hakuna aliyelipwa, na badala ya mpira wakatumia kipande bapa cha mbao ili kisirukie watazamaji. Mechi ilivyoisha ngumi zikatembea. Gazeti la mji wa Kingston likaandika kwamba miundi na vichwa vimeumia, mabenchi yamevunjwa, kina mama waliokuja kutazama wametimua mbio. Watu wanausimulia ugomvi huo kama kichekesho, lakini chanzo chake kinachosimuliwa ni kwamba waliokuja kuteleza tu walikerwa kuona barafu yao imekaliwa na watu wa magongo. Yaani ugomvi wa siku ya kwanza kabisa ya hoki ulikuwa wa nani ana saa yake uwanjani, na hapo sidhani kama kuna mchezaji wa Arusha au Moshi anahitaji kutafsiriwa.

Miaka 100 baada ya hapo, 1975, Wakanada wakaanzisha chama cha wachezaji wakongwe, siku hizi kinaitwa CARHA, na mwaka huohuo kule Santa Rosa, California, Charles Schulz, yule mchoraji wa katuni za Snoopy, akaanzisha mashindano ya wenye miaka 40 kwenda juu kwenye rinki aliyoijenga mwenyewe 1969. Mzee alikuwa anaingia barafuni kucheza hadi amepita miaka 70. Nimeipenda hiyo kwa sababu hapa kwetu tajiri akipenda mchezo anatoa kombe na mbuzi wa bonanza, anapiga picha, mwaka unaofuata hamumuoni. Yule alitoa mahali, tarehe na sheria ya umri, na mashindano yamedumu kuliko yeye, maana yeye alifariki mwaka 2000 na wazee bado wanakwenda.

Sasa uendeshaji wenyewe, hapa ndipo pana utamu na ndipo watu wetu hawapatazami kabisa. Saa moja ya rinki kule inakodishwa kwa mamia ya dola, kwa hiyo timu ya watu 15 haiwezi kuja halafu ndio ianze kuulizana nani kaleta ngapi, wanalipa ada ya msimu mbele, asiyelipa jina lake halipo kwenye orodha na akija anakaa juu kwenye viti. Watoto wanapewa saa za jioni, watu wazima wanapewa zile saa mbaya ambazo watoto wameshalala na rinki isingeingiza hata senti, na pesa ya wazee ndiyo inayosaidia kulipa umeme wa kugandisha barafu ya watoto. Kati ya mechi na mechi inapita ile mashine ya kulainisha barafu, Zamboni, iliyobuniwa na Frank Zamboni mwaka 1949, inakula dakika zake, kwa hiyo ligi nyingi za wazee saa haisimamishwi hata kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kikitoka nje, sababu kuna timu nyingine iko mlangoni imeshavaa. Kubamizana mwili hakuruhusiwi, kwa maelezo mepesi kwamba kesho Jumatatu watu wana kazi. Refa analipwa kutoka kwenye ada, hamna kumsubirisha eti mzee ngoja kwanza tuchangishane. Na kipa, kwa sababu makipa ni adimu na vifaa vyao ni ghali, ligi nyingi zinamsamehe ada au zinampunguzia sana, anacheza bure na bado anabembelezwa, mimi niliposoma hilo nilicheka nikikumbuka sisi tunavyomsukumia ukipa aliyechelewa kufika.

Lakini lililonigusa zaidi ni jinsi wanavyopambana na mamluki. Wanao, tena wengi, mtu aliyecheza chuo anajiandikisha divisheni ya chini kabisa ili aonekane Messi mbele ya madaktari wa meno. Dawa yao ni kwamba wachezaji wanapangwa kwa viwango, A, B, C, D, magoli yote yanaandikwa, na timu ikishinda kupita kiasi inapandishwa divisheni ipende isipende. Kuna ligi nyingine hazina timu za kudumu kabisa, kila msimu wachezaji wanagawanywa upya kwa viwango ili kila timu iwe na wazuri wake na wabovu wake, na rafiki yako wa miaka yote unaweza kujikuta unacheza dhidi yake. Fikiria hiyo Ngarenaro! Hapa kwetu, kwenye mashindano ya kuanzia miaka 40, nimeona kwa macho yangu kijana kanyoa kipara ili aonekane mzee, kafunga magoli manne, na aliyemleta alipobanwa akajibu "huyu ni mdogo wake baba yangu, kwetu yeye ni mzee." Ukoo ukawa kithibitisho cha umri. Tukacheka, tukapigwa sita, na timu ile haikualikwa tena, ndio adhabu pekee tuliyokuwa nayo kwa sababu hatukuwa na kanuni wala daftari la usajili, tulikuwa na kinyongo tu.

Mimi ni mweka hazina wa timu ya maveterani, kwa hiyo nisijifanye natazama kutoka mbali. Nina kaunta buku lenye majina 31, na ukipitia safu ya ada kuna sehemu nyingi hakuna namba, kuna neno "atalipa" kwa mwandiko wangu mwenyewe, kuna mmoja ana "atalipa" saba zimefuatana kama nakala za mahakama. Mwaka jana kuna Jumapili tulifika uwanja fulani tunaoutumia, saa moja kasoro asubuhi, tukakuta turubai la harusi limefungwa kutoka goli hadi goli, viti vya plastiki vimepangwa kwenye boksi la penati na kijana mmoja anajaribu spika, moja mbili, moja mbili. Nilikuwa nimeshampa hela mlinzi siku ya Alhamisi, risiti hamna, yeye zamu yake imeisha, wa zamu hiyo hatujui. Wazee ishirini na kitu tumevaa jezi tumesimama getini na baridi ya Julai unaijua ya Arusha, wengine wameshavaa njumu, na timu pinzani imekodi Noah mbili kutoka Moshi. Tulichofanya tulikwenda kunywa supu, pesa ya refa ikaishia kwenye chapati, kila mtu akaondoka akilaumu mwenye uwanja. Kwa hasira zangu na mimi nilimlaumu, ila nikitulia najiuliza hivi tulimpa nini huyo mwenye uwanja cha kumfanya atuheshimu kuliko mwenye harusi? Mwenye harusi alilipa mbele, akaandikiwa, akaacha namba ya simu. Sisi tulimpa mlinzi kitu mkononi.

Najua kuna hoja za kunipinga na baadhi zina uzito. Kwanza, hoki ya barafuni ni mchezo wa wenye nazo, viatu, helmeti, pedi, kukodi barafu, na hata huko kwao watu wanalalamika kwamba familia za kawaida zinashindwa, kwa hiyo kumchukulia fundi wa mtaa wa Unga Limited mfano wa mhasibu wa Toronto ni kutokujua hali za watu. Hiyo naikubali kwa sehemu kubwa. Sisemi tuige bei, na rinki hapa mimi siitaki, rinki yenye barafu ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri usiku na mchana kwenye mji ambao transfoma ikipiga kelele watu wanachaji simu haraka haraka ni kujitafutia aibu. Nachosema ni mpangilio, pesa kwanza ndio saa ya uwanja, na huo hauna bei. Pili, na hii ndiyo inayonisumbua kweli, ukiweka ada kali utawafukuza vijana wa boda na wauza mitumba, watabaki wenye magari, na Jumapili ni siku pekee bodaboda na mkurugenzi wanapigana chenga wakaitana jina la utani. Hiyo ni mali, sitanii. Ila kaunta buku langu linasema tofauti na wanavyodhani wengi, wa boda wanalipa, wanalipa buku buku kila wiki kwa lipa namba bila kukumbushwa kwa sababu wamezoea hesabu ya siku, wenye zile "atalipa" ni wenye magari, wanaoona aibu kudaiwa elfu tano kwa hiyo wanakasirika ukiwadai. Ada ikigawanywa ndogo ndogo na ikalipwa kabla haimfukuzi maskini, inamuumbua tu aliyezoea kubebwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopata laiki nyingi, ni ile ya Kilimanjaro, kwamba sisi tuna barafu ya asili na hali ya hewa ya ubaridi, tuanzishe timu ya taifa tuwapite Wakenya. Jamani. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikaonekana inafunika kama kilomita za mraba 12, leo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, inayobaki iko juu karibu na mita 5,800 ambako mtu akifunga kamba ya kiatu anahema, na Moshi mjini penyewe Februari unalala madirisha wazi. Baridi ya Arusha haigandishi hata maji ya ndoo. Hiyo barafu ni ya kuangalia asubuhi mawingu yakifunguka, na ya kuhuzunikia. Na kuhusu kuruka moja kwa moja hadi timu ya taifa, hilo tulishalifanya kwenye binamu wa mchezo huu, mpira wa magongo wa nyasini. Mwaka 1980 nchi nyingi zilisusia Olimpiki ya Moscow, nafasi zikabaki wazi, Tanzania tukapelekwa, timu zilikuwa sita na sisi tukawa wa sita, India walitufunga 18 kwa 0. Sisemi hivyo kuwadharau wale wachezaji, walivaa bendera na wakatoka uwanjani wamesimama. Nasema tulifika Olimpiki, halafu uliza watu kumi pale stendi ya Moshi kama kuna anayekumbuka. Kileleni tulifika, chini hakukuwa na wazee wa kila Jumapili wa kuuendeleza mchezo na kuwapeleka watoto wao uwanjani.

Wengine wanasema ligi za wazee hazizalishi kitu, kwa nini tuzihangaikie wakati vijana hawana viwanja. Hapa Wamarekani huwa wanajibu kwa visa viwili vitamu. Tarehe 29 Machi 2018 makipa wa Chicago Blackhawks, timu ya ligi kuu ya kulipwa ya hoki, waliumia, akaingizwa Scott Foster, mhasibu wa miaka 36 anayecheza ligi za mtaani, akakaa golini dakika 14 dhidi ya Winnipeg, akaokoa mikwaju yote saba, kesho yake ofisini. Februari 2020 David Ayres, miaka 42, mtu aliyewahi kupandikizwa figo na ambaye alikuwa anaendesha ile mashine ya barafu, akaingia golini kwa Carolina wakashinda 6 kwa 3 pale pale Toronto. Visa vitamu sana, ila kama utetezi mimi naviona vibovu, maana ni watu wawili tu, na ligi haijengwi ili siku moja mtu wake aonekane kwenye tivii. Mzee wa miaka 48 anayekimbia kila wiki, anayepimwa presha kabla ya msimu kwa sababu kanuni inadai, ambaye akivunjika mguu kuna bima iliyokatwa ndani ya ada badala ya sisi kupitisha mchango kwenye grupu huku tukihesabu nani hajatoa, huyo ameshajitosheleza. Na kijana naye anafaidika, kwa njia ileile ya rinki, mzee akilipia saa mbaya uwanja unapata hela ya kukata nyasi na kununua nyavu.

Ndio maana hata uwanja mpya wa Olmoti, wa watu 30,000, kwa ajili ya AFCON 2027, naufurahia lakini hauniingizi kwenye mkumbo wa wanaosema sasa michezo Arusha imetatuliwa. Ule ni wa mashindano na wa wakubwa, sawa. Swali langu liko kwenye viwanja vya shule, vya kata na vya taasisi, vile vya vumbi vyenye mti mmoja wa kivuli, ambako kila mtu anagombania Jumapili saa moja asubuhi kwa sababu taa hakuna na ratiba hakuna, na saa inauzwa getini kwa mkono. Kata ikibandika ubaoni ratiba ya mwezi, bei ya saa, na namba ya kulipia inayotoa ujumbe wa risiti, maveterani watakuwa wateja wakubwa kabla hata ya mchezaji wa kwanza wa AFCON kutua KIA. Viwanja vya nyasi bandia vya kukodi kwa saa vimeshalijua hilo, wanakupa taa, wanakupa bibu, dakika 60 zikiisha wenzenu wanaingia, na cha ajabu ni kwamba yule yule mwenye "atalipa" saba, pale analipa mlangoni bila neno.

Kikao chetu cha mwisho nilipeleka mapendekezo matatu kutoka kwenye huu usomaji wangu wa hoki, sikuwaambia nimeyatoa wapi maana wangenicheka. La usajili kwa kitambulisho cha NIDA lilipita baada ya mabishano, wawili wakatoka nje kupokea simu. La kipa kucheza bure lilipita kwa makofi, kipa wetu akasimama akainama kama bwana harusi. La kulipa kabla ya msimu, mwenyekiti alisema ni zuri sana, ila tuliache kwanza, tutaliangalia.